Shajara ya Shaba: mbwa mzima wa kunusa katika milima ya Virginia

Januari, wiki ya tatu

Mradi wenyewe ni huu: kupata mbwa mmoja wa kutembea nami milimani. Si wa kulinda geti, wala si wa kupakatwa.

Nafanya kazi zamu za usiku hospitalini, na mapumziko yangu huangukia katikati ya wiki, mume wangu akiwa kazini na binti yetu shuleni. Tunaishi Harrisonburg, Virginia, ndani ya Bonde la Shenandoah. Mashariki yetu imesimama milima ya Blue Ridge na Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Magharibi kuna msitu wa taifa wa George Washington, unaopanda hadi mpaka wa West Virginia. Mtu aliyekulia Lushoto, ukimweka mahali kama hapa, hawezi kushinda ndani. Lakini mwanamke peke yake msituni, saa nne asubuhi ya Jumanne, njia nzima haina mtu! Nimetembea hivyo kwa miaka, na nimechoka kugeuka nyuma kila tawi likivunjika.

Mtoto wa mbwa simtaki, na hilo nimeliamua mapema. Mbwa wa miaka minne au mitano yuko mbele yako jinsi alivyo: unaona ukubwa wake, anavyowatazama wanaume, anavyokula, anavyokaa na wenzake. Tena mtoto wa mbwa mwenye umbo kubwa hatakiwi kupandishwa milima mirefu hadi mifupa yake ikomae, na hiyo ni kazi ya mwaka au zaidi. Mimi nataka mwenzangu wa mwaka huu.

Na namtaka katika wale mbwa wa kunusa, wenye masikio ya kuning'inia, ambao watu wa majimbo haya wamewafuga tangu enzi za ukoloni. Mlowezi Mwingereza Robert Brooke alivuka bahari na kundi lake la mbwa hadi Maryland mwaka 1650. George Washington alikuwa na kundi lake pale shambani kwake Mount Vernon, na mwaka 1785 alipokea mbwa wa Kifaransa kutoka kwa Lafayette, jenerali Mfaransa. American Foxhound, jamii iliyotokana na michanganyiko ya namna hiyo, ndiye mbwa rasmi wa jimbo la Virginia tangu 1966. Ni wanyama wa mwendo. Wanaweza kutembea kutwa bila kulalamika. Na kwa kuwa wamezoeshwa vizazi kwa vizazi kuwinda kwa kundi, wengi wao ni wapole kwa watu na kwa mbwa wengine. Mgomvi hakuwa na nafasi kundini.

Huu ndio mwezi wao wa shida. Mashariki ya Blue Ridge sheria inaruhusu kuwinda kulungu kwa mbwa, na msimu ukifungwa mapema Januari, makao ya wanyama ya upande ule hujaa. Wengine walipotea wakifuata harufu, wengine waliachwa makusudi. Sitaki kuwasema wawindaji wote. Wengi wao huwafunga mbwa kola zenye jina na simu, na vifaa vya GPS, na hukesha barabarani na tochi mbwa mmoja asiporudi. Wanaobaki kwenye vizimba ni wale wasio na kola.

Januari, mwishoni

Nimempata. Ametoka kwenye makao ya wanyama ya kaunti moja ng'ambo ya Blue Ridge. Ni jike mwekundu wa rangi ya shaba, kifua cheupe, miguu mirefu, masikio yanafika karibu na midomo. Kwa kutazama meno, daktari wao anamkadiria miaka 4 hadi 5. Ana kilo 24 na mbavu zinahesabika. Aliokotwa kando ya barabara bila kola na bila chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Sheria ya Virginia inataka mbwa aliyeokotwa ashikiliwe si chini ya siku 5 ili mwenyewe apate nafasi ya kujitokeza, na akiwa na kitu cha kumtambulisha mwenye mbwa, siku 5 zaidi. Hakuna aliyekuja.

Kwenye kadi wameandika mchanganyiko tu. Mfanyakazi anaona damu ya Redbone Coonhound ndani yake na pengine Foxhound. Wale Coonhound ni mbwa wa kuwinda rakuni, mnyama mdogo wa usiku mwenye mkia wa mistari: humfuata hadi apande mti, kisha husimama shinani wakipaza sauti mpaka mwenye bunduki afike. Kwa hiyo ni mbwa waliochaguliwa kwa mambo matatu: pua, sauti, na kutokata tamaa. Yote matatu nitaishi nayo.

Niliomba nikae naye uani bila haraka. Nilikaa chini nikampa ubavu, nikatazama kwingine. Alizunguka ua wote kwanza, pua chini, akasoma kila nguzo. Kisha akaja akaegemeza uzito wake wote begani kwangu na kuvuta pumzi ndefu. Niliangusha funguo: alishtuka, akarudi kunusa funguo. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Kushtuka si tatizo. La maana ni kama mnyama anarudi mwenyewe kutazama kilichomshtua.

Wakati huohuo mfanyakazi akanieleza majibu ya damu: ana minyoo ya moyo.

Nilitoka nje nikampigia mume wangu. Akauliza swali moja tu, kama inatibika. Inatibika. Akasema, "Basi mlete."

Februari

Nimemwita Shaba. Wiki hizi ni za daktari wa mifugo, na naandika kwa kirefu kwa sababu anayetaka mbwa mzima kutoka kusini mwa Marekani ajue jambo hili kabla hajaenda kuchagua.

Minyoo hii, *Dirofilaria immitis*, huenezwa na mbu. Mbu akimuuma mbwa mgonjwa hunyonya vijidudu vyake, vinakua ndani ya mbu, kisha vinaingia kwa mbwa mwingine anapoumwa. Baada ya miezi 6 hivi vimeshakuwa minyoo kamili iliyokaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na, ikizidi, ndani ya moyo. Jike mmoja anaweza kufika sentimita 30. Wanaishi miaka 5 hadi 7. Mbwa anayepewa kidonge cha kinga kila mwezi hapati ugonjwa huu; mbwa wa kizimba cha nje, katika nchi ya mabwawa na mbu, bila kidonge, akiukwepa ni bahati tu.

Daktari alinionyesha picha ya eksirei. Mishipa imevimba kidogo, moyo bado mzuri. Matibabu yana hatua. Kwanza mwezi mmoja wa doksisaiklini, kwa kuwa ndani ya minyoo wenyewe wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, na ukiwaua hao, minyoo inadhoofika. Sambamba na hiyo, kidonge cha kinga ili vijidudu vipya visiendelee kukua. Baadaye sindano za melasomini, dawa yenye asili ya aseniki, zinazochomwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno: moja, kisha baada ya mwezi nyingine mbili zilizoachana siku moja.

Na sharti linalouma kuliko sindano: mapumziko. Tangu leo hadi wiki 6 au 8 baada ya sindano ya mwisho, hakuna kukimbia, hakuna kuruka, hakuna mlima. Minyoo ikifa hukatika vipande, na vipande huenda kuziba mishipa midogo ya mapafu. Mbwa akikimbia moyo unasukuma damu kwa nguvu, na hapo ndipo wengine hufa, wakati dawa inafanya kazi yake vizuri. Mbwa wa kutembea milimani, basi, anaanza kazi kwa kulala.

Ndani ya nyumba kila kitu ni kigeni kwake. Ngazi hakuzijua, alisimama chini akalia mpaka binti yangu akakaa ngazi ya kwanza na kipande cha kuku, kesho yake ya pili. Mlango wa kioo aliugonga kwa pua. Mashine ya kuoshea vyombo ilimfanya ajifiche bafuni. Watu wa makao ya wanyama huku wana hesabu yao ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu za kuhisi yuko kwao. Siichukui kama sheria, lakini imenisaidia kutoharakisha wageni kuja kumwona.

Mama alipiga simu kutoka Lushoto. Jambo la kwanza aliuliza, "Mwanangu, amechanjwa kichaa?" Swali la mtu aliyewahi kuona mtoto wa jirani akifa kwa kuumwa na mbwa. Ndiyo Mama, amechanjwa. Virginia kila mbwa aliyetimiza miezi minne lazima achanjwe kichaa, na cheti chake ndicho kinachotumika kukata leseni ya mbwa ya jiji. Akatulia. Kisha akauliza anakula nini.

Machi na Aprili

Sindano ya kwanza mwishoni mwa Machi. Alirudi akiwa na maumivu ya kiuno, akakataa chakula jioni, akala asubuhi. Zile mbili za Aprili zilikuwa nzito zaidi. Nililala sakafuni kando ya kizimba chake nikisikiliza pumzi. Kikohozi, homa, kuhema, kutema damu: orodha niliibandika kwenye jokofu pamoja na namba ya daktari wa usiku. Alikohoa kidogo siku kadhaa, kisha kikaisha.

Sasa niseme jambo ambalo sikulitarajia. Miezi hii ya kukaa ndani imekuwa ndiyo shule yetu. Ukimnyima mbwa wa aina hii kutembea, bado una pua yake, na pua hiyo haijazuiwa na daktari. Mbwa wa kunusa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Sisi tuna milioni 5 au 6. Anapofuata harufu huvuta pumzi fupifupi, karibu tano kwa sekunde, na hewa ya kutoka hupitia mipasuko ya pembeni mwa pua ili isitawanye ile inayoingia. Akili yake yote iko pale. Dakika kumi na tano za kutafuta kwa pua humchosha na kumtuliza kuliko nilivyowahi kudhani.

Tulianza na vipande vya maini ya kuku ndani ya taulo lililokunjwa. Kisha makopo ya plastiki, moja lina nyama, mengine matupu. Kisha nikaanza kuvuta soksi ya binti yangu kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, Shaba akisubiri jikoni amefungwa kamba fupi, na baadaye aifuate kwa mwendo wa taratibu, nami nyuma yake. Kila mchezo nimeufunga na maneno matatu. "Subiri" kabla ya kuanza. "Haya, nusa" ni ruhusa. "Njoo" katikati ya kazi, na akija anapata maini, halafu, hapa ndipo penye siri yote, anaambiwa tena "haya, nusa" na kurudi kwenye harufu yake.

Makocha wengi hufundisha "njoo" kama mwisho wa raha: mbwa anaitwa, anafungwa, gari, nyumbani. Mbwa mwenye akili hujifunza kwamba kuitwa ni kupokonywa. Kwa mbwa wa kunusa hilo ni kubwa mara mia, kwa sababu unachompokonya ni kitu ambacho vizazi vyake vimechaguliwa kwa ajili yake. Nikimrudishia harufu kila anapokuja, kuja kwangu hakumgharimu. Nimeshika msimamo huo na sitauacha.

Sauti yake pia tumeisikia sasa. Gari la taka likipita anapaza mlio mrefu unaopanda kisha kushuka, nyumba nzima inajaa. Nilikwenda kwa majirani wa pande zote mbili na sahani ya vitumbua nikawaeleza. Bora waisikie habari kwangu kabla hawajaisikia ukutani.

Mei

Kusubiri. Ameongezeka, kilo 27.

Mzee mmoja wa Kikongo, mtu wa Fizi, anaishi mtaa wa pili. Vijana wake wanafanya kazi kwenye viwanda vya kuku vya hapa kaunti ya Rockingham. Amekuwa akisimama uani kumtazama Shaba. Leo ameniambia, "Mama, hii imbwa ni ya kuwinda kabisa," na kunieleza mbwa wa kwao, wadogo, mikia iliyojikunja, wasiobweka. Kwa kuwa hawabweki, wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua porini wako wapi. Nilimwonyesha kola ya GPS niliyoagiza, kifaa kinachoonyesha mbwa yuko upande gani na umbali gani hata mahali pasipo na mtandao wa simu. Aliigeuza mkononi, akaitikisa karibu na sikio, akacheka. Kazi ni ileile.

Juni

Daktari ametoa ruhusa. Moyo unasikika vizuri, mapafu safi.

Tumeanza na njia ya tambarare kando ya mto, asubuhi mapema, mwendo wake wa kunusa si mwendo wangu wa mazoezi. Misuli ya mbwa aliyelala miezi mitano haipo. Nayo hujengwa polepole, kila wiki kaongezeko kadogo, na siku ya kupumzika kati. Nikiona anakaa chini kabla ya kuambiwa, tunarudi.

Vifaa: mkanda wa kifuani wenye kishikio mgongoni, si kola, kwa sababu akiruka ghafla na kamba ndefu ikakaza, shingo haitaumia. Kamba ya mita 10 isiyonyonya maji, ya rangi ya machungwa. Glavu zangu, maana kamba hiyo ikikimbia mkononi inakata.

Na kupe. Mara ya kwanza kurudi kutoka kwenye nyasi niliokota kupe hata ndani ya kunjo za masikio yake. Mtoto wa mfugaji hawezi kuwachukulia poa. Kwetu ng'ombe walipelekwa josho kwa sababu ya ndigana kali. Huku kupe wa miguu myeusi analeta ugonjwa wa Lyme, kwa mbwa na kwa watu. Anahitaji kukaa ameuma zaidi ya siku nzima ndipo maambukizo yapite kwa kawaida, hivyo kumkagua mbwa jioni ileile si anasa. Napitisha vidole: masikio, kwapa, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe anatolewa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kuvutwa moja kwa moja bila kuzungusha. Hakuna mafuta, hakuna kiberiti. Shaba pia anakula kidonge cha kupe na viroboto, pamoja na kile cha minyoo ya moyo, ambacho sasa ni cha maisha.

Julai

Joto. Kutembea ni alfajiri tu, ama juu sana. Tumeanza kupanda kwenye Hifadhi ya Shenandoah kwa lango la Swift Run Gap, si mbali na kwetu. Hifadhi nyingi za taifa Marekani haziruhusu mbwa kwenye njia za msituni. Shenandoah inaruhusu kwenye njia zake nyingi, na ina zaidi ya kilomita 800 za njia. Kuna chache zilizokatazwa: Old Rag, Dark Hollow Falls, Stony Man, Limberlost, Bearfence. Sababu ni miamba ya kukwea au msongamano wa watu. Kamba isizidi futi 6, yaani mita 1.8. Kwa hiyo ndani ya hifadhi natumia fupi, na ile ndefu tunaiweka kwa msitu wa George Washington.

Watu wananiuliza nitamfungua lini. Sitamfungua. Wanasikitika kana kwamba namnyima kitu. Lakini huyu ni mbwa aliyepotea, au aliyeachwa, kwa sababu ya kufuata pua yake mbali na mtu. Kati ya hapa na mpaka wa jimbo kuna barabara kuu yenye malori, nyoka wenye manyanga mkiani, mashamba yenye mifugo, dubu na watoto wake. Ndani ya mita 10 anaenda anakotaka, nami ndiye ninayemfuata kwenye vichaka. Saa nzima tunaweza kuzunguka gogo moja. Uhuru wa mbwa huyu ni kunusa mpaka amalize, na huo anao wote.

Agosti

Sikio la kulia limeanza kunuka na kuwasha. Masikio yaliyofunika hayapati hewa, na baada ya vijito unyevu hukaa ndani. Dawa ya matone, na sasa nayakausha kila baada ya matembezi. Kucha pia. Chakula mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na hakuna mbio baada ya kula, kwa kuwa mbwa wenye kifua kirefu hupata tumbo kujipindua, jambo linaloua kwa saa chache.

Septemba

Hone Quarry, magharibi, ndani ya msitu wa taifa. Siku ya baridi kidogo, udongo umelowa mvua ya jana: hali bora kabisa ya harufu, kwani ardhi yenye unyevu huishikilia chini badala ya kuiacha ipeperuke. Shaba alikuwa na furaha isiyo na kipimo. Alishika njia ya bata mzinga, akaiacha; akashika ya kulungu, akaifuata mpaka kijitoni, akaipoteza, akazunguka kwa duara mpaka akaipata ng'ambo. Nilisimama nikimtazama anavyofikiri. Nilikumbuka wale mbwa wa Mara Triangle kule Kenya wanaofuata nyayo za majangili. Ni akili ileile, na kwa miaka mtu fulani huenda alimwona kama chombo cha msimu mmoja.

Kisha, kutoka kwenye mgongo wa mlima upande wa kilele cha Reddish Knob, tukawasikia. Mbwa wengi, sauti ndefu zikipishana, wakisogea. Mwishoni mwa kiangazi wawindaji wa dubu wa huku huruhusiwa kuwazoeza mbwa wao bila kuua mnyama, na hilo lilikuwa kundi lao kazini.

Sijawahi kumwona hivyo. Alinyooka mwili mzima, mkia juu, masikio mbele, akatetemeka kuanzia mabega. Kisha akafungua kinywa na kuwajibu, si mlio wa gari la taka, bali sauti nyingine kabisa, nzito, inayotoka chini ya kifua. Kundi lilijibu au lilikuwa likiendelea na lake, sijui kuwasoma. Kamba ilikaza. Niliizungusha kwenye mti wa mwaloni nikashika kishikio, nikamwacha. Sikumwita. Kumwita mbwa wakati huo ni kulipoteza neno "njoo", na neno hilo nimelijenga miezi minane.

Aliimba nao mpaka wakavuka mgongo wa mlima na sauti zikafifia. Akabaki amesimama. Nilihesabu pumzi zangu, kisha nikaona sikio moja linageuka nyuma, kwangu. Hapo nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Shaba, njoo."

Akageuka akaja. Si kwa haraka. Alikuja akichukua muda wake, akaegemeza bega gotini kwangu jinsi alivyofanya siku ile ya kwanza uani, akala maini yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia, "Haya, nusa." Aliipeleka pua chini pale tulipokuwa, kwenye harufu ya kulungu wake wa kijitoni, akaendelea alipoishia.

Nimemweleza mume wangu usiku, na nilipofika mahali sikio lilipogeuka sikuweza kuendelea. Alinisubiri.

Novemba

Msimu wa bunduki za kulungu umefunguliwa. Wawindaji wanavaa rangi ya machungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa ambayo Virginia iliiruhusu pia mwaka 2017. Sisi hatuwindi na sheria haitubani, lakini mbwa mwekundu mwenye miguu mirefu kati ya vichaka vya kahawia ni rahisi kudhaniwa kulungu. Fulana ya machungwa kwake, kofia na koti kwangu, na njia tunazochagua sasa ni za ndani ya hifadhi ya taifa, ambako uwindaji umepigwa marufuku. Mzee wa Fizi amekuja nasi mara kadhaa. Anatembea na fimbo, mikono nyuma kwenye tambarare, na kila Shaba anaposimama naye anasimama, bila kuuliza kwa nini.

Januari

Kilo 28.5. Mwaka umetimia nyumbani. Theluji imempa ukurasa mpya: anaingiza pua nzima mpaka machoni akifuata njia za panya zilizo chini yake. Nyayo zake naziangalia baada ya matembezi, maana chumvi ya barabarani hupasua ngozi. Namwosha kwa maji ya uvuguvugu na kupaka mafuta.

Februari

Miezi tisa imepita tangu sindano ya mwisho, ndio muda ambao kipimo cha damu kinaweza kuaminika. Daktari alichukua damu jana asubuhi. Leo mchana amepiga simu mwenyewe: hakuna alama ya minyoo. Nilikuwa nimelala baada ya zamu, binti yangu ndiye aliyepokea, akaja kuniamsha akilia na kucheka, Shaba nyuma yake akipiga kelele kwa sababu sisi tunapiga kelele.

Mama nimempigia pia. Alitaka kujua kama sasa tutamwacha alale nje.

Kazi za robo ijayo: kukata leseni ya jiji ya mwaka mpya kabla cheti cha kichaa hakijaisha muda, kurudia eksirei ya kifua, kubadilisha kamba ndefu, imechanika karibu na ndoano, na mwezi wa Aprili, kabla kupe hawajaamka vizuri, kulala usiku mmoja kwenye hema pale Hone Quarry. Usiku ndio saa za rakuni, kwa hiyo hema litakuwa na kishikio cha kumfungia ndani, nami nitalala karibu na zipu.